Matone Yangu na Sabuni ya Mama

Jumapili, Bwera. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi.

Jumatano nilifurahi hadi nikajionea aibu. Kwenye maabara yetu Kasese natazama kwa hadubini matone ya fuwele kioevu, kitu kile kile kinachofanya kioo cha simu kionyeshe picha. Nayaweka kati ya vioo viwili, nawasha umeme, nangoja yabadilike umbo. Miezi yote yalibaki mviringo, yananitazama tu. Jumatano yakarefuka kama punje za mchele. Nikizima, yanarudi mviringo. Nilipiga kelele peke yangu.

Dokta, msimamizi wangu, akatangaza kila mahali. Kesho wageni wanaofadhili masomo yangu wanakuja kujionea, na wao ndio watakaoamua kama naendelea na masomo au narudi kuuza vitenge na mama.

Leo baada ya Misa, mama akiwa anaosha sahani, akaniambia hivi hivi tu:

"Bile bioo ulileta juma ingine, nilisukula byote na savoni. Mutoto muke atatembea na bintu bya mafuta?"

Mama ni wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Hakuna chombo kinachoingia kwake kikatoka bila kuoshwa. Vioo vile nilivileta nije kuvisafisha kwa spiriti. Nilipovikuta vinang'aa, nikadhani nilishavisafisha, nikavitumia Jumatano hivyo hivyo.

Sabuni!

Ikibaki kwenye kioo hata kidogo, inalegeza ngozi ya tone, na tone lililolegea hurefuka kwa umeme mdogo tu. Basi huenda sikugundua chochote. Huenda ni povu la mama.

Sikumgombeza. Nilimshukuru, nikaingia chumbani nikalia.

Kisha nikampigia Dokta. Nikamweleza yote. "Wewe kuja na ile ile vioo," akasema. "Hiyo maneno ya sabuni tuache kwanza." Akakata simu.

Tuache mpaka lini?

Naogopa. Naogopa wageni, namwogopa Dokta zaidi. Lakini nimesafisha vioo viwili kwa spiriti, nikavifunga kando na vile vya mama. Kesho nitaviweka vyote mezani na kusema vipi vina sabuni na vipi havina. Matone yakikataa kurefuka kwenye vile safi, yakatae mbele ya watu.

Kama nitakuwa bado na msimamizi ikifika jioni, hilo sijui.