Mikalitusi Uliyotupandia, Baba

Baba,

Amani ya Bwana iwe nawe huko uliko. Nimetoka misani hapa Dranya, nikaona bora usikie kwangu kuliko kwa mwingine.

Karanga za Mama zimekataa. Tangu tukuzike zinatoka fupi, za manjano, ukizing'oa hamna kitu. Na ndizo anazowalishia watoto wa kaka Isaka, ambaye sasa mko naye huko. Mama hakukaa bure. Kila asubuhi alifagia majani ya ile mikalitusi, mti mmoja kwa kila mtoto uliyemzaa, ulivyoipanga mstari kama askari kwenye gwaride. Akayabeba kwa karai mpaka shambani. Alisema majani ya watoto wake yatalisha karanga.

Afisa wa kilimo kutoka Koboko, mtu mpole, aling'oa shina moja la karanga pale na jingine kule juu, mbali na miti. La juu lilikuwa na vinundu kwenye mizizi, kama shanga. La Mama, mizizi mitupu. Akatueleza kwamba udongoni mna viumbe ambavyo jicho halivioni, na vingine hukaa kwenye vinundu hivyo na kuilisha karanga. Majani ya kalitusi yana mafuta makali. Mvua ikinyesha yanashuka chini, viumbe vile vinadhoofika. Nikakumbuka ulivyotufukiza majani hayo tukikohoa, macho yakituwasha. Kumbe hata udongo unayasikia.

Hata Mama asipoyabeba, akasema, upepo utayaleta shambani. Basi, kukata. Baba mdogo Yosefu akakataa kabisa, akasema hiyo ni kukuzika mara ya pili. Mti wa Isaka ulikuwa katikati ya mstari, Baba, na Mama aliugusa kila alipopita.

Jana akaniletea shoka mwenyewe.

"Miti iko ya baba yenu, najua," akasema. "Lakini hii watoto iko na njaa. Anza na ya Isaka, nisipate muda ya kulia."

Nikaanza na wa Isaka. Yosefu alikuja baadaye, akashika kamba.

Uwanja una mwanga mwingi sasa, hatujauzoea. Afisa anasema udongo hauponi upesi. Tuweke samadi, tungoje. Tutangoja. Na mbao za Isaka hazitachomwa, nakuahidi: nitawachongea wanawe vitanda.

Pumzika, Mzee wetu. Mungu akukumbatie mpaka atakapotuamsha sote.

Mwanao,
Santino