Simu Tatu Ulizomtumia Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za mama, na za nyumba nzima mpaka paka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mgongo haukusumbui tena huko ghalani. Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tukiulizwa tunajibu hatujambo. Mimi mwili hauna neno, ila maji yamenifika shingoni, ndiyo maana umepata karatasi badala ya ujumbe. Nina mengi ya kuzisema simu, na si adabu kumsema mtu ukiwa umekaa nyumbani kwake.

Kila ukipiga unaniuliza ipi kati ya zile simu inamfaa mama, nami nakujibu juu juu kwa sababu ndiyo naingia kazini, na msimamizi ananikodolea macho. Leo nakujibu yote.

Ile ya kukunja ilikuwa simu ya heshima, siwi mchoyo wa sifa. Kupokea ni kuifungua, kukata ni kuifunga, basi. Mama akikasirishwa na mtu aliifunga pwaa, na ugomvi ukaishia hapo. Sauti yake ilikuwa kubwa hivi kwamba jirani wa ukuta wa pili alikuwa akipata habari zako kabla yangu. Ubaya wake ni ile bawaba. Mama alikuwa akiifungua hata pasipo mtu kupiga, kuangalia kama umo, mpaka bawaba ikalegea, utepe wa ndani ukakatika, na kioo kikawa cheusi. Nikaipeleka kwa fundi simu wa mtaani, yule tunayemwita Daktari kwa sababu hawezi kufungua hata betri bila kuvaa koti jeupe. Akaniambia utepe wa namna ile hautengenezwi tena, nisubiri mpaka mtu alete maiti ya simu kama hiyo. Mwezi mzima mama akawa anapokea bila kujua ni nani, akimwita kila mpigaji mwanangu. Mtu wa idara ya maji alipiga kuuliza habari za mita, akaishia kuulizwa kama amekula na kama anavaa soksi.

Ukatuma ya vitufe, yenye tochi. Kaka, hiyo ndiyo bora ya zote, na ninalisema hilo kwa uchungu kwa sababu ndiyo iliyoniumbua, kama utakavyoona. Chaji moja, wiki nzima. Ilitumbukia kwenye beseni la nguo, mama akaitoa, akaibana kwenye kamba pamoja na mashuka, jioni ikaita kama si yenyewe. Kitufe cha tano kina kinundu, na mama akishakipapasa hicho anavijua vingine vyote bila kuangalia. Lakini maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa. Ujumbe ukijaa, haipokei mwingine mpaka ufute wa zamani. Tena haina kufuli la maana. Akiitia mfukoni inapiga yenyewe, na inayempigia ni mimi. Siku moja ilinipigia mara kumi na saba nikiwa kwenye cherehani, naunga kola za sare za shule. Nikipokea namsikia mama anaimba na kusugua sufuria. Msimamizi akasema kama mama yangu anaumwa niende nyumbani, na kama haumwi simu yangu ilale mlangoni na viatu. Tangu siku hiyo inalala mlangoni.

Sasa hiyo ya tatu, ya kugusa, uliyosema umeitumia mwenyewe miaka minne na bado ni nzima. Kaka, uzima wake uliuona wapi? Betri imevimba mpaka mfuniko wa nyuma umebenuka. Unaichaji asubuhi, adhuhuri inalia njaa. Kila siku inasema nafasi imejaa, na ukitafuta kilichojaa hukioni. Sikatai, siku mtandao ukitulia, ukipiga kwa video sura yako huonekana mpaka kovu la kidevuni. Ila vidole vya mama haivitambui. Miaka ishirini na sita ya kufua mashuka ya hospitali imemfuta alama zote, ncha zimekuwa laini na kavu kama karatasi. Anagusa, kioo kimya. Analamba kidole, anagusa tena, vinafunguka vitu vitatu kwa mpigo. Siku ya kuzaliwa kwa mwanao wa mwisho alijaribu kukupigia akaishia kupiga picha arobaini za sikio lake. Akaiweka chini akasema, "Mwambie kaka yako simu yake ina dharau. Watu wote inawajua, mimi hainijui."

Mimi nikamjibu vibaya. Nilikuwa nimetoka kushona sketi mia na kumi, nikamwambia kosa si la simu. Usiku huo tukala chakula kila mtu na ukuta wake. Halafu wewe ukaandika kwamba nimfundishe taratibu. Taratibu! Ningekuwa na hiyo taratibu ningeitumia kwanza mimi mwenyewe. Na wiki iliyopita ukaandika kwamba kuna nyingine njiani, ya kioo kikubwa zaidi.

Usiitume. Kaka yangu, nakuomba usiitume, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Mama haoni. Miezi minane iliyopita nilimpeleka kwa daktari wa macho, yule wa kweli, akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Alimpa matone ya asubuhi na jioni ya kulinda kilichobaki, akasema wazi kwamba kilichokwenda hakirudi.

Siku ile ile, tulipofika nyumbani, mama alinipa simu ya vitufe akaniambia nikuandikie. Hakutaka kukupigia kwa sababu alijua atalia, na hakutaka umsikie. Maneno yake yalikuwa haya: "Mwambie aje. Nataka kumwona kwa jicho hili wakati bado linaona." Nikabonyeza mbele yake, kisha nikamsomea maneno hayo hayo. Lakini nilichokutumia wewe unakijua. Ulisoma kwamba mama ni mzima, kwamba macho yake ni mazuri tu, na kwamba usihangaike na safari. Baada ya miezi miwili akaniagiza tena, nami nikakuandikia vile vile. Ndiyo maana ulipompigia alikuwa akikujibu kwa mkato kwamba ameshakuandikia. Wewe ulidhani ni ukali wa uzee. Yeye alidhani umesoma ukakataa.

Na kwa kuwa nilikuambia macho ni mazuri, ukatuma simu ya kioo.

Kwa nini nilifanya hivyo? Ulipokuja mara ya mwisho ulisema chumba cha mbele kwako kiko wazi, na kwamba mama akizidiwa utamchukua. Wewe ulilisema kwa wema. Mimi nilitoka nje nikaanua nguo zilizokuwa bado mbichi. Kaka, sina mume wala mtoto. Nikitoka kwenye cherehani, anayeniuliza siku imekwendaje ni mama peke yake. Nikaona ukija ukamkuta haoni, kesho yake unamfungia mizigo. Na nisijisafishe: nilikuwa na hasira pia, kwamba wewe unatuma simu na mimi ndiye ninayeamka kutia matone.

Jumatano iliyopita simu ya vitufe ilikataa kupokea ujumbe, mama akajipapasia njia mpaka kwa Daktari wa simu. Akaambiwa imejaa, lazima ifutwe. Akasema asomewe kwanza, ujumbe mmoja mmoja, ajue kinachotupwa ni kipi. Daktari akasoma ulioingia, kisha akasoma uliotoka. Yeye mwenyewe alinisimamisha njiani kunieleza, hawezi kunitazama usoni. Alipoanza kubabaika kwenye wa pili, mama alimwambia asome tu, amalize.

Nilimkuta amekaa kitandani. Ningeshukuru kama angenifokea. Akasema, "Mimi nimekulea, najua unavyopumua ukisema uongo. Siku ile nilidhani una mafua."

Akaniuliza sababu, nikamwambia kama nilivyokuambia wewe. Akasema kwamba kwako asingekwenda hata siku moja. Nyumba hii anaijua kwa mikono, anajua ni hatua tisa mpaka bombani, na kumhamisha sasa ni kumtia gizani mara mbili. Akamaliza kwa neno moja tu: "Ungeniuliza."

Basi niliogopa kitu ambacho hakikuwapo. Na Ijumaa daktari wa macho amempima tena, amesema lile bomba limezidi kuwa jembamba. Miezi minane, kaka. Angeweza kukuona vizuri, nami nilikaa mlangoni nikamzuilia. Sikuombi unisamehe kwenye barua. Nakuomba uje, na uje upesi. Kaa upande wake wa kulia, karibu na dirisha, mchana, na usijongee sana.

Mama yuko hapa pembeni yangu. Amesema niandike hivi: "Mwanangu, usiniletee kitu. Njoo mwenyewe. Na ukija usimgombeze mdogo wako. Hiyo ni kazi yangu, na bado sijaimaliza."

Nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno. Yeye hawezi kuhakikisha, na wewe huna sababu ya kuniamini. Njoo umuulize mwenyewe.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu mmoja mmoja kwa niaba ya bibi yao. Jirani wa ukuta wa pili naye anakusalimu, anasema siku hizi hasikii habari zako.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere