Nsimire, Uliyemutoa Bienfait mu Chumba cha Nyuma

Leo mwaka umetimia, mujukuu wangu Nsimire, tangu ile homa ya siku nne ikutoe kwetu. Kati ya haya ninayokuandikia kuna neno moja ambalo sikulijua. Carmel, mwalimu mwenzako, ndiye aliniambia Jumapili iliyopita, tukitoka misa ya pili.

Ulikuwa mutu wa kucheka. Chai yako ilikuwa inapoa kila asubuhi, wewe uko mbele ya kioo unachezesha vidole. Mimi nilizani unasali. Kumbe unatayarisha masomo.

Wengi wanauliza namna gani mwanafunzi wa droit, masomo ya sheria, alifika kufundisha watoto wasiosikia. Waulize papa yako mukubwa, Edouard, mutoto wangu wa kwanza. Siku bakwe, watu wa muchumba wako, walikuja kuongea mahari yako, alimufungia mutoto wake mwenyewe, Bienfait, mu chumba cha nyuma, akaweka radio kwa nguvu ili wasisikie anapiga mulango. Bienfait hasikii tangu kuzaliwa. Alikuwa na miaka sita. Edouard alisema bakwe wakimuona watazani damu yetu iko na ugonjwa. Tulinyamaza wote. Mimi pia, Nsimire. Nilikuwa nimeshika sahani ya nyama.

Ulisimama katikati ya maongezi, ukafungua, ukamuleta, ukamukalisha kati yako na muchumba. Ukasema, "Huyu ni ndugu yangu. Mwenye atanioa atamukuta hapa."

Bakwe walikula vizuri, wakashukuru, hawakurudi. Edouard alikuita muharibifu wa ukoo. Shangazi zako walikucheka: avocate, mwanasheria muzima, anaenda kupunga mikono na mabubu. Wewe uliacha droit, ukaomba kazi ya kufagia kwenye shule ya viziwi, kusudi ujifunze lugha yao. Ulifagia mwaka, ukasoma mitatu, wakakupa darasa. Ulimuleta Bienfait mule, akawa wa kwanza kuandika jina lake.

Sasa neno la Carmel. Siku ya tisa baada ya kukuzika, Edouard alienda shuleni kumutoa mutoto. Alisema mwenye alikuwa anapoteza wakati kwa huyu mutoto amekufa. Bienfait alishika dawati kwa mikono miwili.

"Papa Bienfait," Carmel akamwambia, "Nsimire ndiye alikufa. Mutoto wako hakukufa."

Edouard alimuvuta, akaenda naye. Na mimi mwaka muzima nikiuliza, Edouard ananijibu mutoto iko internat, analala kule kule shuleni, anaendelea vizuri. Kumbe iko nyumbani kwake, mulango umefungwa.

Nilienda kwake Jumapili ile ile. Alinipa kiti, akanipa na karatasi: tangazo la kukukumbuka kwa huu mwaka, alilolitayarisha. Kwa desturi yetu mukubwa wa familia anatangulia, basi jina lake lilikuwa juu, na chini yake, "aliyekutia moyo katika kazi yako." Nilisoma mara mbili, kwa sababu mimi ninasoma polepole.

Nikamwambia, "Nilikuzaa, sitakulaani. Lakini kwa karatasi ya Nsimire hautaingia. Lete ufunguo."

"Maman, watu watasema nini?"

"Watasema vile nitaandika."

Alileta. Niliondoka na mutoto, na nguo zake nimezifunga mu kikwembe, kitenge changu.

Jana alirudi darasani kwa Carmel. Jioni alirudi kwangu na njaa, akakula bugali mara mbili, akaanza kunifundisha kwa mikono namna ya kusema "kesho". Vidole vyangu ni vizee, havikunjiki. Alinicheka sana, akanishika kimoja kimoja.

Wanaokukumbuka: mama yako Yolande, mudogo wako Chris, mwenzako Carmel na watoto wa darasa lako, mimi nyanya yako Chantal. Edouard hayumo. Shangazi zako hawamo, mpaka waje kuomba musamaha kwa huyu mutoto, si kwangu. Na Bienfait, aliyesinzia begani kwangu nikiandika jina lake.

Siku zetu zote tutakukumbuka.