Kazi ya kumwaga mabeseni
Tanga, Jumatano, Juni 1956

Na mama naye hachoki: "Mwanangu, cheti hakiliwi."

Hospitali ya mjini huniita mimi, nesi mwenye cheti, pale tu mwenzangu anapougua. Basi leo nimekwenda Muheza, kwenye zahanati ya shamba la mkonge, kuomba kazi ya kudumu: kufua mashuka na kumwaga mabeseni.

Nilimkuta dresa, mtibu vidonda na msimamizi wa zahanati, anamfunga mkata mkonge kidonda cha mguu. "Hapa sindano na bendeji ni zangu, bibie," akaniambia.

Kidonda hakijaoshwa. Udongo umo ndani, nauona. Nikaficha mikono nyuma, nijipime kama naweza kunyamaza.

Nimeweza. Yule mtu katoka akichechemea.

Dresa kaupenda utulivu wangu. Kasema nianze Jumatatu.