Bomba Langu na Karatasi ya Norvell

Jumatatu, 13 Oktoba 2014

Mimi ni mtu wa bahati, na asiyeamini aje afungue boneti! Maili laki tatu na elfu themanini, pikapu ileile, injini ileile, na hakuna fundi aliyewahi kuingiza mkono ndani yake. Wenzangu wamezika injini mbili tatu kwenye vumbi hili la pamba. Mimi namwaga oili, naweka oili, naipiga kofi la upendo, twende. Nimevuta tela hadi Alaska, nimevuta hadi Meksiko. Shule niliiacha darasa la tisa. Barabara ikanimalizia.

Leo pale ushirika wa wakulima, kwenye kahawa, nimewapa tena siri yangu: bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Lile la kiwandani lina filta ya karatasi, limefungiwa kwenye boksi kama kuku anayeatamia. Nililitupa miaka sita iliyopita. Nikafunga hili la chuma linalong'aa, na filta yake ya kitambaa inayopakwa mafuta, iko wazi kabisa inavuta itakavyo. Kule mjini Lubbock waliipima kwenye mashine — hosipawa kumi na moja zaidi, nguvu za farasi kumi na mmoja! Na sauti je? Ukikanyaga mafuta, fyuuuu! Mbwa wa kata nzima wanajua Dub Lassiter anapita.

Norvell Stiles akaweka kikombe chini. Huyu alikuwa fundi wa trekta zetu zote miaka arobaini, sasa amestaafu ila mdomo haujastaafu. Akaniuliza hao farasi kumi na mmoja wamewahi kufika huku shambani, au wameamua kuishi Lubbock?

Nikamwambia injini lazima ipumue, mzee.

"Hata wewe unapumua, Dub. Lakini ukipita nyuma ya mashine ya kuvuna pamba unajifunga leso. Hukati pua."

Meza nzima chali kwa kicheko. Nikacheka mimi wa kwanza. Mtu akisema vizuri apewe haki yake.

Jumanne, 14 Oktoba

Raelynn alikuja mchana na mapacha wake. Binti yangu huyu ana moyo wa simba — kaurithi kwa nani mwingine? Tangu aachane na yule mpumbavu wake hajaomba mtu chochote. Sasa amepata pikapu yake, na kazi ya kusomba ng'ombe msimu wote, njia zote za vumbi. Pikapu ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo viatu vya wale mapacha. Ikifa, amekwisha.

Anataka kufunga bomba kama langu. Ila Norvell amemwambia asithubutu.

"Baba, wewe unasema niweke, Norvell anasema nisiweke. Nimsikilize nani?"

Nikamwambia mimi ni baba yako, Norvell ni fundi tu.

Akacheka. Akawapakia mapacha garini.

Alhamisi, 16 Oktoba

Basi Norvell ameleta mtihani! Mtihani wa grisi. Unapaka grisi nyembamba ndani ya bomba, baada ya filta, upande wa kwenda kwenye injini. Unafunga, unaendesha wiki moja. Vumbi likipenya, linanasa hapo. Pikapu yake na filta yake ya karatasi, yangu na bomba langu. Wote tunapita njia moja, nyuma ya mashine za kuvuna. Ijumaa ya wiki ijayo tunafungua mbele ya watu. Raelynn kasema atafuata kile itakachosema grisi.

Norvell kapaka mwenyewe kwa kidole chake, yangu na yake, kiasi kilekile. Nikamwambia bandika basi utepe utie sahihi, watu wasije wakasema.

Akanitazama. "Dub, tulibatizwa siku moja, kwenye birika moja la kunyweshea ng'ombe. Nikubandikie utepe wa nini?"

Maneno mazuri hayo. Nimeyapenda.

Jumatatu, 20 Oktoba

Upepo! Jua jekundu kama nyanya. Tela tatu leo. Nimemvuta pia jamaa mmoja wa mashine ya kuvuna kutoka mtaroni, kajaribu kunilipa, nikamwambia abaki na hela yake. Pikapu inavuta kama imekasirika. Fyuuuu!

Jumatano, 22 Oktoba

Nimefungua bomba. Kuangalia tu.

Grisi ilikuwa ya kahawia. Nikachukua kidogo nikaweka kwenye meno, kama Norvell anavyofanya — kra. Kra.

Sasa, hilo si la bomba. Huenda mkono wangu ulikuwa na mchanga wakati nafungua. Au klampu ililegea siku ile mtaroni. Mtihani wenye kasoro si mtihani! Nikafuta kwa tambara, nikapaka grisi mpya, nikakaza klampu vizuri. Haki itendeke.



Ijumaa, 24 Oktoba

USHINDI!

Watu kumi na watano uwanjani pale ushirika, wengine wamekuja na viti. Ikafunguliwa ya Norvell kwanza. Grisi safi, na kivuli kidogo tu, kama moshi wa sigara. Watu mmm, mmm. Kisha yangu. Inang'aa! Kama imepakwa juzi. Makelele hayo! Mtu kanivua kofia akaitupa juu ya paa na bado iko huko.

Norvell akachukua grisi yangu kwa kidole, akaweka kwenye meno. Akatafuna. Akafuta kidole kwenye suruali.

"Safi, Dub."

Nikamwambia sema kwa sauti, wa nyuma hawajasikia!

"Safi kuliko yangu," akasema. Akamgeukia Raelynn, akavua kofia. "Binti, nimekosea. Msikilize baba yako." Akanipa mkono mbele ya wote. Mkono mkavu, mzito.

Mzee mwenye adabu yule. Si kila mtu anajua kushindwa.

Raelynn kanirukia shingoni kama ana miaka sita. "Nilijua, Baba! Nilijua!" Akaondoka palepale kwenda Lubbock kununua bomba lake. Nimetembea siku nzima kifua mbele. Nani ana binti kama huyu? Nani ana jina kama langu katika kata hii?

Jumamosi, 25 Oktoba

Raelynn yuko uani kwangu. Boneti iko juu. Boksi la zamani ameshalitoa, liko kwenye nyasi na karatasi yake, mapacha wanalikalia. Bomba jipya linang'aa mikononi mwake. Amenituma spana namba kumi.

Spana ninayo. Iko hapa mezani, kando ya daftari. Nimekaa kidogo tu.

Anaimba. Anaimba vibaya, kama mama yake.

"Baba! Umelala huko?"

Nimemwambia naja.

Jumatatu anaanza. Ng'ombe arobaini, barabara ya mashariki, ile yenye vumbi la kuzama magurudumu.

Nashindwa kuinuka.

"Baba, spana!"

Acha niandike kwanza jambo ambalo hata humu daftarini sijawahi kuliandika. Maili laki tatu na elfu themanini ni za bodi, si za injini. Injini ya kwanza ilinoki, ikafa, mwaka 2010 karibu na mji wa Clovis. Fundi wa kule alinionyesha pistoni — imekwaruzwa kama na paka, ringi zimelika, mchanga mtupu. Akaniambia ni bomba hili lililopitisha vumbi. Mke wangu Oleta alikuwa Tulsa kwa dada yake, hakujua. Nikafungiwa injini nyingine, nikarudi nyumbani napiga honi. Bomba sikulitoa. Watu wangeuliza ile sauti imekwenda wapi.

Sina injini ya bahati. Sijawahi kuwa nayo. Hii ni ya pili, na tangu kiangazi nayo inakunywa oili kama ile ya kwanza.