Niliisingizia Samadi ya Bi Johari

Bi. Mshauri mpendwa,

Nimeketi kukuandikia kuomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, na ningependa ulipime shauri langu kwa hoja, si kwa huruma. Nina umri wa miaka ishirini na sita, nina shahada ya elimu ya mimea, na tangu nihitimu mwaka 1992 ningali naingoja ajira, nikisoma kila kitabu kinachonifikia. Septemba iliyopita nilijiunga na mafunzo ya walimu wa kujitolea wa bustani za nyumbani hapa Bofu, tukifundishwa na Mwalimu Kafedha, mama aliyeishia darasa la saba, na sikukawia kubishana naye: nilimsahihisha juu ya nafasi ya miche, juu ya kivuli, hata juu ya majina ya wadudu, mpaka mwenzangu Ruwa, kibarua wa bandarini, akaniambia, "Msomi, mwache mama amalize, wengine tuna zamu saa nane."

Mwezi Januari kila mwanafunzi alipewa nyumba moja ya kusaidia. Mimi nilipewa ya Bi Johari, mjane wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa hapa, ambaye samadi ya mbuzi wake ndiyo iliyolisha bustani za mtaa mzima. Nilimpandia miche arubaini ya pilipili hoho, nikaagiza inyweshwe asubuhi na jioni kwa maji ya kisima chake. Akaniambia, "Mwanangu, kisima hiki wakati wa kaskazi ni cha kuoshea vyombo. Sisi hununua maji ya mkokoteni, mboga tukazinywesha kidogo kidogo." Nami nikamjibu mbele ya majirani, "Bibi, mmea haujui kaskazi wala kusi, unajua maji," wakacheka, na nakiri kicheko kile kilinipendeza.

Siku ya kumi na mbili majani yalikuwa yameungua kingo, na udongo umefanya utando mweupe wa chumvi. Niliuona mimi kabla ya mtu mwingine, nikaukwangua kwa jembe nikaufukia, na majirani walipokuja kutazama nikasema kwamba samadi ya Bi Johari haikuiva. Zingatia kwamba samadi mbichi huunguza miche kweli, popote duniani. Kwa hiyo sikusema uongo, nilisema ukweli usiohusika. Lakini wanawake wanne wameitupa samadi waliyopewa, na mkaza mwana wa Bi Johari amemwambia nikisikia, "Mama, pumzika sasa, mkono wako haushiki tena." Bi Johari alilirudisha jembe ndani, na tangu hapo hajapanda kitu, naye huniitikia salamu kama zamani, jambo ambalo nalistahimili kwa shida zaidi kuliko kama angenitukana.

Sasa Mwalimu Kafedha ana desturi yake: hapewi mtu cheti kabla ya kusimama mbele ya wenyeji walioketi mkekani, akautaja mmea uliomfia mikononi na sababu yake. Siku yetu ni Jumamosi ya mwisho wa Machi. Nilimwambia kwamba mimi sina mmea ulionifia, Ruwa akauliza, "Hata gugu hujawahi kuliua?" nikabisha kwamba desturi hiyo ni ya kudhalilisha, kwamba makosa huandikwa kwenye ripoti na hayatangazwi mkekani, na kwamba wenyeji wakisikia msomi amekosea hawatamsikiliza msomi mwingine kwa miaka kumi. Hoja hizi naziamini. Nikikataa kusimama, na cheti nikakiacha, si nitakuwa nimeilinda heshima ya elimu, na jambo la Bi Johari likajifia lenyewe?

M.S., Bofu, Likoni

JIBU

Bwana M.S., umeomba hoja, nami naanza na hoja. Elimu haijakutuma uilinde. Unajilinda mwenyewe, na anayeumia kwa ulinzi huo ni mama aliyekuonya mapema.

Umelieleza kosa lako wazi kuliko wengi wanaoniandikia, na kwa hilo nakuheshimu. Najua pia si rahisi kwa kijana aliyesoma kwa taabu, akakaa miaka bila kazi, kusimama mbele ya watu na kusema kwamba hakujua. Lakini hapo pa "ukweli usiohusika" umeniudhi. Mtu anayetumia ukweli mmoja kuufunika mwingine amedanganya, nawe unalijua hilo, la sivyo usingeufukia ule utando.

Unatumaini jambo litajifia. Masika yanakaribia, na wanawake wanne wataingia msimu bila samadi. Mwakani kaskazi ikirudi, mwingine atainywesha miche yake maji ya kisima yaliyoingia chumvi kwa kuwa msomi alisema mmea haujui msimu. Na Bi Johari atazidi kuamini kwamba mikono yake imezeeka, ilhali yeye peke yake ndiye aliyekuwa sahihi siku ile. Hilo kwangu ndilo baya kuliko yote.

Desturi ya Mwalimu Kafedha umeielewa visivyo. Yule mama anataka watu wa Bofu wajue ni kitu gani kinachoua mboga zao. Ripoti yako wataisoma wapi?

Basi fanya hivi. Usingoje Jumamosi. Nenda kwa Bi Johari kesho baada ya alasiri, umwamkie, na umwambie yeye kwanza, mkaza mwanawe akiwepo. Usiende na kitabu. Mwambie uliuona utando na ukaufukia. Akikasirika, nyamaza, akikusamehe upesi, usidhani kazi imekwisha. Mwombe samadi, uwapelekee wale wanne mlango kwa mlango, uwaeleze kwa nini unaileta wewe. Kama hataki kupanda tena, hiyo ni hiari yake, usimbishie.

Halafu Jumamosi simama. Taja pilipili hoho, taja kisima, taja jina la aliyekuonya na jinsi ulivyomjibu. Wakikunyima cheti, rudi darasani Septemba uanze upya. Ukishamaliza kusema, utatamani kuongeza maelezo kidogo juu ya samadi mbichi. Usiongeze. Keti.