Mwanaidi Aliniita Sokoni

Salma mjukuu wangu,

Asalaam aleikum. Hapa Sharpstown tu wazima, ila dada yangu Mwanaidi tulimzika Ijumaa, nawe huko Fort Worth hukupiga hata simu. Huna adabu!

Uliniuliza kwa nini chembe za umeme, madini unayoyasomea yakipoa sana, zinapita mbili mbili bila kukwama wala kuachana, ilhali ndani ya madini hayo kumevurugika. Mimi sikusoma. Ila soko letu kule nyumbani lilipoungua, nilishikana mikono na Mwanaidi, mbao zikaanguka zikatutenganisha, moshi ukatuficha. Mwanaidi akaita:

"Punda wee, uko wapi?"

"Nipo!"

Tukaitana hivyo mpaka nje, bila kugusana. Labda na chembe zako zinaitana.

Sasa wa kuniita punda hayupo. Piga simu.

Bibi yako